Safari za Kisumu na uraia wa Tanzania: siku zangu za nje zinahesabiwaje?

"Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Homa Bay, naishi Kirumba hapa Mwanza tangu 2013. Kazi yangu ni dagaa: nanunua mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, napeleka Kisumu. Kila mwezi nasafiri, nakaa siku nne tano, narudi. Mara nyingi napita mpaka wa Sirari, ila kuna nyakati navuka kwa boti kutoka Shirati mpaka Muhuru Bay bila kugonga muhuri. Mwanzoni mwa Aprili 2020 nilikwenda nyumbani baba alipougua. Akafariki, mambo ya shamba yakanishika, nikarudi mwishoni mwa Mei 2021. Kibali cha ukaazi nilianza kuwa nacho Januari 2017. Kabla ya hapo nilikuwa naingia kwa muhuri wa mgeni. Kile cha pili kiliisha nikiwa nyumbani, nikaomba kingine niliporudi. Mke wangu ni Mtanzania na tuna watoto wawili waliozaliwa hapa hospitali ya Sekou Toure. Nataka kuomba uraia Januari 2027. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema ukikaa nje zaidi ya miezi sita hesabu inaanza upya, nisubiri. Rafiki yangu hapa anasema miaka yote hii inatosha na isitoshe nimeoa Mtanzania. Nani mkweli? Na zile safari za ziwani, si afadhali kwa kuwa hazipo kwenye pasipoti?"

Ndugu yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na mzee. Miezi uliyokaa naye na ile uliyobaki kushughulikia shamba haikuharibu ombi lako. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Binamu yako amekosea na rafiki yako amekosea. Hesabu yako haikuanza upya mwaka 2021, lakini pia huwezi kusema una miaka kumi na tatu mkononi. Nikipiga hesabu kwa tarehe ulizoniandikia, kinachokukwamisha kuomba Januari 2027 wala si Kisumu. Ni mwaka 2016. Nitafika huko, ila naomba twende polepole, maana watu wengi wa kanda hii ya ziwa wako kwenye hali kama yako na wanahesabu vibaya.

Binamu yako hakudanganyi, anakusimulia sheria ya anakoishi. Marekani, mwenye grini kadi anayetaka uraia kwa kawaida anatakiwa awe amekaa miaka mitano mfululizo. Akitoka nje zaidi ya miezi sita lakini hajafikisha mwaka, anachukuliwa kuwa amekatisha ukaazi wake mpaka athibitishe vinginevyo. Akifikisha mwaka, umekatika. Juu ya hapo wanahesabu siku alizokuwa ndani ya nchi kwa mwili wake, nazo zisipungue miezi 30 katika ile miaka mitano. Uingereza wana yao: kwa njia ya kawaida ya miaka mitano, siku za nje zisizidi 450, na katika mwaka wa mwisho zisizidi 90. Hata kwenu Kenya, Katiba ya 2010 inamtaka mgeni anayeomba uraia kwa ukaazi awe ameishi kihalali miaka saba mfululizo. Kila nchi inahesabu kwa namna yake, na kanuni ya nchi moja haivuki mpaka kwenda kutumika nchi nyingine.

Tanzania inafuata Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357. Uraia unaoutaka wewe unaitwa uraia wa tajnisi, na masharti yake yamo kwenye Jedwali la Pili la sheria hiyo. Upande wa muda kuna masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. La kwanza: uwe umeishi Tanzania kipindi chote cha miezi 12 inayotangulia tarehe ya ombi. La pili: katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, uwe umeishi Tanzania kwa vipindi ambavyo ukivijumlisha havipungui miaka saba.

Soma hilo la pili mara mbili. Linazungumzia jumla ya vipindi. Halikutaki uwe umekaa miaka saba bila kutoka, linakutaka ukusanye miaka saba ndani ya kumi. Maana yake sheria yenyewe ilishategemea kwamba mtu atatoka, atauguza, atazika, atafanya biashara ng'ambo na kurudi. Imekuachia hadi miaka mitatu ya kuwa nje ndani ya ile kumi, iwe kwa mkupuo au kwa vipande vipande. Kutoka nje hakufuti siku ulizokwisha kukusanya. Kunapunguza tu siku unazoweza kukusanya.

Ila ukubali na upande wake wa pili: miaka iliyo nje ya kipindi hicho haina kazi kwenye hesabu hii. Ukiomba Januari 2027, miezi 12 ya mwisho ni mwaka 2026, na ile miaka 10 inaanzia Januari 2016 mpaka Desemba 2025. Miaka yako ya 2013, 2014 na 2015 inabaki kuwa historia nzuri ya kusimulia kwenye usaili. Kwenye jumla ya miaka saba haimo. Hapo ndipo rafiki yako alipoteleza.

Sasa tuhesabu. Miaka 10 ni miezi 120. Sheria inataka miezi 84 ya kuishi nchini, kwa hiyo unaruhusiwa miezi 36 ya kuwa nje. Kutoka mwanzo wa Aprili 2020 mpaka mwisho wa Mei 2021 ni miezi 14. Imebaki miezi 106 ambayo ulikuwa ukienda Kisumu na kurudi.

Hapa nina jambo la kukusahihisha. Umesema unasafiri kila mwezi, nami nakuamini, lakini mwezi upi? Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika na mwaloni panapoa. Kwa hiyo safari zako zinafuata mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu. Kalenda ya ukutani haihusiki. Katika miezi 106 ya kalenda kuna karibu miezi 109 ya mwandamo. Safari 109 za siku tano tano ni siku 545, yaani kama miezi 18. Umeona? Zile siku tano tano ambazo hata hukuona haja ya kuniuliza zimekula muda mrefu kuliko msiba wa baba. Jumlisha 14 na 18 unapata miezi 32 ya nje. Umebakiwa na 88, na sheria inataka 84. Umevuka, kwa miezi minne tu.

Kwa watu wa biashara ya mpakani hili ni jambo la kawaida. Mtu anaikumbuka safari moja ndefu kwa sababu ilimuuma, anasahau zile fupi kwa sababu amezizoea. Karatasini siku ya msiba na siku ya kupeleka magunia zina uzito uleule.

Hesabu hiyo ni makadirio yangu kutokana na barua yako, na miezi minne ni akiba ndogo. Chukua daftari, andika kila safari kwa mstari wake: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, mpaka uliopita. Kusanya pasipoti zote, na zile zilizojaa au zilizokwisha muda usizitupe, ndizo zenye mihuri ya 2017 na 2018. Kama uliwahi kusafiri kwa pasi ya muda, tafuta vipande vyake. Pasipokuwa na muhuri, tazama risiti za ushuru wa mzigo, tiketi za basi, ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa wanunuzi wako wa Kisumu. Na pale kumbukumbu inapokwama kabisa, kalenda ya giza itakusaidia kujua ni wiki zipi ulikuwa huwezi kuwa njiani kwa sababu hapakuwa na mzigo. Mimi ningekushauri siku ya kutoka na siku ya kurudi zote uziandike kuwa za nje. Ukijihesabia kwa ukali mwenyewe, hakuna atakayekushangaza.

Hapo tuingie ziwani. Umeuliza kama safari za Shirati ni afadhali kwa kuwa hazionekani. Hapana, ndugu yangu, na kati ya yote uliyoandika hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Fikiria muhuri unavyosomwa. Umetoka kwa Sirari, pasipoti imegongwa kwamba umeondoka Tanzania tarehe 3. Ukarudi kwa boti tarehe 8, hakuna muhuri. Safari inayofuata ukapita tena Sirari tarehe 2 ya mwezi uliofuata. Kwenye pasipoti inasomeka kwamba uliondoka tarehe 3 na hukurudi, kisha ukaondoka tena bila kuwa umeingia. Siku zako tano za Kisumu zimegeuka mwezi mzima wa kuwa nje, na ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa Kirumba. Geuza: umetoka kwa boti, ukarudi kwa Sirari. Sasa umeingia mara mbili bila kutoka katikati, na ofisa yeyote aliyezoea kazi yake ataliona hilo kwa dakika moja. Unachodhani kimefichika kimeandikwa hapohapo kwa jinsi mihuri inavyopishana.

Halafu kuna lenye uzito zaidi. Kuvuka mpaka bila kupita kwa ofisa ni kosa, na sharti jingine la tajnisi ni tabia njema. Ukijaza fomu na kuziacha safari hizo, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza, tena lisilozeeka: uraia uliopatikana kwa kusema uongo au kuficha jambo la maana unaweza kutwaliwa hata baada ya miaka. Sitaki watoto wako waje kusikia habari hiyo wakiwa wakubwa. Kwa hiyo mambo mawili. Kuanzia leo, usivuke tena bila muhuri hata kama Sirari kuna foleni na boti inakusubiri ufukweni. Na zile za nyuma, ziache kwenye daftari lako, usizijaze kwenye fomu yoyote na wala usizifiche kabla hujakaa na wakili. Mwambie zote. Yeye ndiye atakayekuelekeza jinsi ya kuzieleza.

Turudi 2016. Mwaka ule ulikuwa ukiishi Kirumba, ukilala nyumbani kwako, mke wako alikuwepo. Lakini karatasini ulikuwa mgeni anayetembelea. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita mpakani, nami najua watu wengi wanaoishi hivyo, miezi sita inakaribia kuisha wanaenda kugonga muhuri na kurudi. Shida ni kwamba ruhusa ile ni ya matembezi. Sheria ya uraia inataka mtu aliyeishi, na wewe kila ulipoingia ulimwambia ofisa kwamba umekuja kutembea. Kwa maoni yangu usiutegemee mwaka huo hata kidogo. Kuna watu watakaokuambia unaweza kubishana kwamba kuishi ni kuishi tu. Kubishana unaweza, ila tazama unabishana na nani: sheria inampa Waziri mwenye dhamana uamuzi wa mwisho, halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa, na uamuzi huo haukatiwi rufaa mahakamani. Kwenye jambo lenye mlango mmoja namna hiyo, usiende na hoja unayohitaji bahati ili ikubalike.

Ukiutoa 2016, unapoteza miezi kumi, maana miezi kama miwili ya mwaka huo ulikuwa safarini na tulishaitoa. Kutoka 88 unashuka hadi 78. Unatakiwa 84. Ndiyo maana nasema Januari 2027 ni mapema.

Ukisogeza ombi mpaka Januari 2028, miaka 10 inakuwa Januari 2017 mpaka Desemba 2026. Mwaka 2016 unatoka wenyewe, unaingia 2026 ambao una kibali. Miezi ile 14 ya msiba bado imo, safari za Kisumu bado zimo, jumla inarudi pale pale kwenye 88, safari hii ukiwa na kibali kuanzia mwezi wa kwanza. Na ukipunguza safari kuanzia sasa, akiba inakua. Kwa hiyo binamu yako alisema usubiri na mimi nasema usubiri, ila sababu ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ina maana. Kama tatizo lingekuwa ule msiba, kusubiri mwaka mmoja kusingesaidia chochote, maana 2020 na 2021 zitaendelea kuwa ndani ya hesabu kwa miaka mingine kadhaa.

Sehemu moja ya 2021 bado inanisumbua. Kibali kiliisha ukiwa nje, ukarudi mwishoni mwa Mei, ukaomba kingine. Kiliandikwa kuanza tarehe gani? Kama kuna wiki au miezi kati ya kurudi kwako na tarehe hiyo, wiki hizo nazo ni dhaifu kama 2016. Kwa akiba ya miezi minne, pengo la miezi miwili ni kubwa. Angalia kibali chenyewe, usitegemee kumbukumbu. Angalia pia daraja lake. Mfanyabiashara anayejitegemea anatakiwa awe na kibali cha daraja A. Aliyeajiriwa ni daraja B. Nimeona watu wanaofanya biashara yao kwa kibali kinachosema ni waajiriwa wa mtu fulani, na hilo likigundulika kwenye usaili swali linahama kutoka kwenye siku na kwenda kwenye uaminifu.

Kuhusu miezi 12 ya mwisho, yaani mwaka 2027 kama utafuata ushauri huu. Hapo sheria haisemi jumla, inasema kipindi chote. Je, siku tano za Kisumu zinavunja? Neno la sheria ni kuishi, na mtu anayekwenda Kisumu kuuza mzigo na kurudi kwake Kirumba hajahama. Mimi nasimama na tafsiri hiyo. Lakini siwezi kukuahidi kwamba anayeshika faili lako atasimama nayo, hasa akiona mihuri kumi na miwili ndani ya mwaka mmoja. Kama una ndugu au mshirika unayemwamini, mwaka huo mpe kazi ya kusindikiza mzigo, wewe baki upande wa kununua. Kama haiwezekani, punguza safari na urefu wake, na weka nyaraka za kila moja. Safari ya wiki mbili tatu mwaka huo, ahirisha kama si ya uhai. Najua hili si dogo kwa mtu ambaye chakula cha nyumbani kinatokana na safari hizo. Faida utakayoiacha kwa mwaka mmoja ipime wewe na mke wako, mimi siwezi kuwapimia.

Sasa ndoa. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana kifungu chake, cha 11, kinachomruhusu kuomba tajnisi kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana kifungu hicho. Mke wako ni raia kamili, lakini sheria haimpi uwezo wa kukufungulia njia ambayo kaka yake angemfungulia mke wake. Naona si haki, na nimelisema hilo kila ninapopata nafasi, lakini ndivyo ilivyo leo, na ukienda Uhamiaji ukitegemea cheti cha ndoa kiwe badala ya miaka utarudishwa. Hata hivyo kiambatishe. Sharti jingine la tajnisi ni kwamba unakusudia kuendelea kuishi Tanzania moja kwa moja, na hakuna ushahidi mzuri wa kusudio hilo kuliko mke na watoto walioko shule hapa.

Watoto wako ni raia wa kuzaliwa kwa sababu wamezaliwa hapa na mama yao ni Mtanzania. Kupitia kwako wana haki ya uraia wa Kenya pia. Hilo halina tatizo utotoni, ila wakifika miaka 18 watatakiwa kuchagua, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Vyeti vyao vya kuzaliwa viwe mahali salama.

Katazo hilohilo linakuhusu wewe, na barua yako haikuligusa. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo Wakenya wengi wanadhani watachukua cha Tanzania na kubaki na chao. Hapana. Utatakiwa kuukana uraia wa Kenya. Usiukane mapema kwa kujipendekeza, subiri mpaka ombi lako likubaliwe na uelekezwe kwa maandishi, usije ukabaki huna huku wala kule.

Na kabla hujafika huko, fikiria lile shamba la Homa Bay lililokuweka mwaka mzima. Katiba ya Kenya, ibara ya 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ukiukana uraia wa Kenya, umiliki wako wa urithi unabadilika kuwa wa namna hiyo, hata kama kaburi la baba liko humo. Upande wa huku, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo uraia utakufungulia kiwanja cha jina lako Mwanza. Kwa lugha nyingine, unachagua ni upande gani wa ziwa utakuwa mwenye ardhi na upande gani utakuwa mpangaji. Kaa na ndugu zako wa Homa Bay kabla ya kujaza fomu. Kama mirathi haijakamilika, ikamilisheni kwanza, na umwone wakili wa Kenya kwa hilo, maana wa hapa hawezi kukushauri vizuri juu ya ardhi ya huko.

Kuna pia njia ya kutoomba kabisa. Mtu mwenye kibali kilicho hai, anayekihuisha kwa wakati na kulipa kodi zake, anaweza kuishi Mwanza na familia yake na kwenda Kisumu kila giza bila kumhesabia mtu siku. Gharama yake ni vibali vya kulipia kila mara, na wasiwasi kwamba sera zinaweza kubadilika. Kwa mwenye shamba la urithi na soko lililo upande wa pili, hilo ni chaguo la heshima, wala mtu asikufanye ujione humpendi mke wako kwa kulichagua. Lakini kama moyo wako uko Kirumba na unataka kupiga kura pamoja na wanao, basi Januari 2028 inafikika.

Ukipata uraia, mambo ya kuwa nje hayaishi hapo. Uraia wa tajnisi unaweza kutwaliwa kwa mtu aliyehamia nje miaka mingi mfululizo bila kujiandikisha kila mwaka ubalozini kwamba bado anautaka. Safari zako za siku tano hazifiki huko. Nalitaja kwa siku utakayofikiria kufungua duka Kisumu na kuhamia.

Watu wa kuwaona ana kwa ana ni wawili. Wa kwanza ni wakili anayeshughulika na mambo ya uhamiaji, na kwako hili si la hiari, kwa sababu ya safari za Shirati na pengo la 2021. Mwone mwaka huu, usingoje 2028. Mpelekee lile daftari, pasipoti zote, vibali vyote kuanzia 2017, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Wa pili ni ofisa wa uraia kwenye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa hapa Mwanza, baada ya wakili. Muulize fomu inayotumika sasa, ada ya sasa, na utaratibu wa kutangaza kusudio lako gazetini. Ombi lenyewe litapita ngazi za chini, wilaya na mkoa kabla ya kufika makao makuu, na kwenye mtaa wako watu watauliza kama unafahamika. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa wako wa Kirumba akufahamu kwa jina na kwa sura kabla faili halijamfikia. Akitokea mtu mwaloni akakwambia anaweza kulipitisha kwa haraka kwa malipo ya pembeni, mkatae, hata akiwa anakujua. Tayari una akiba ya miezi minne, vibali, familia na biashara inayoonekana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtu wa kati.